Mgeuza Kurasa

Kuketi kushoto kwa piano, nusu hatua nyuma,
kuinuka bila kiti kulia,
kushika pembe ya juu kwa vidole viwili,
kungoja kichwa kitikiswe, kugeuza, kuketi.
Hiyo ndiyo kazi. Makofi hayakuhusu.
Ukiifanya vizuri, hukuwepo.

Nimemfahamu Lamara Kobalia kwa pembe za karatasi zake:
hii ina doa la kahawa, hii imeng'atwa,
hii aliikunja mwenyewe kwa hasira, majira ya baridi
ya mwaka wa sabini na nane, tukirudi Kutaisi kwa treni
kutoka mbele ya kamati, Tbilisi.
Alikuwa amewapelekea vipande saba vya piano
alivyovisikia kwenye mabomba ya bweni
usiku, maji yakiganda.
Mwenyekiti akafungua, akafunga:
"Wananchi wako wapi humu?"
Naye: "Ndio wanaogonga mabomba."
Miaka minne haikuchapishwa noti yake hata moja.

Kisha kiwanda cha hariri.
Sauti za wanawake thelathini, mashine arobaini za kufuma,
mara moja tu, saa ya chakula cha mchana,
meneja akitazama saa yake, watu wakitafuna mkate.
Ilipokwisha akamjia mama mmoja, nyuzi kwenye nywele:
"Ni nzuri. Ila mashine yangu, ya kumi na tisa, umeikosea.
Ile huchelewa. Kidogo tu. Kama mtu anayemeza mate."
Lamara akaichomoa penseli sikioni,
akarekebisha palepale, juu ya goti.
Kiwanda kimekufa. Mashine ya kumi na tisa
ingali inachelewa, ukurasa wa hamsini na mbili.

Halafu giza.
Sisemi kwa mafumbo: umeme ulikatika
tukapima usiku kwa mafuta ya taa.
Piano ikaenda kwa magunia mawili ya unga.
Aliyeinunua hakuulizia sauti, aliulizia uzito.
Lamara akachora vibonye kwa mkaa
kwenye ubao wa kupigia pasi,
vyote themanini na nane, vikabanana,
akaniita: "Njoo Alhamisi."
Nikaenda. Nikaketi kushoto, nusu hatua nyuma.
Vidole vyake vikishuka, vikipanda, kucha zikiingia weusi,
na chumbani hakuna kitu,
mbwa wa jirani tu, na mto Rioni ukinguruma chini ya daraja,
nami nasoma, nafuata, nageuza.
Jioni moja niligeuza mapema.
Mikono yake ikasimama hewani.
"Umeniharakisha."
Nikaomba radhi. Na kweli,
nilikuwa nimemharakisha.

Sonata ile ndiyo iliyomtoa.
Bergen, Vilnius, Kolon; barua zenye nembo,
maua yaliyofungwa kwa plastiki.
Mhakiki mmoja akajaza kurasa tatu juu ya
"kimya kikuu cha milima ya Kaukazi."
Lamara alicheka hadi akashika ukuta:
"Kimya gani? Ule ulikuwa ubao wa pasi!"

Vijana sasa husoma kwenye kioo,
hugeuza kwa kukanyaga.
Mara ya mwisho, ukumbi umejaa, niliketi safu ya saba
kwa tiketi niliyoinunua,
na kila ukurasa ulipokaribia kwisha
goti langu liliinuka lenyewe.
Jirani yangu akadhani nataka kutoka. Akanipisha.

Mwezi Machi walinipa bahasha.
Kipande chake cha mwisho, selo na piano,
mistari imekatikia katikati
kama mtu aliyeitwa mlangoni.
Chini kabisa, pembeni, kwa penseli: *geuza upesi.*

Nikageuza.

Vitunguu. Betri mbili. Dawa ya presha.
Kumlipa Vazha lari kumi na tano.

Nimejaribu kukumbuka zilikuwa za nini.